Upande wa Birika

Nchi ya Karagwe ni nchi ya migongo ya milima na mabonde. Mtu asimamapo Kayanga asubuhi na mapema huona mgongo mmoja nyuma ya mwingine, na katikati yake ukungu umelala bondeni kama pamba iliyomwagwa. Mbali huko magharibi Mto Kagera hupita kati ya nchi hii na Rwanda, ukienda kaskazini, kisha hugeuka kuelekea mashariki ukawa mpaka wa Uganda. Sehemu ile iliyo karibu na mto ndiyo Kyerwa. Zamani Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe, hata mwaka 2012 ikafanywa wilaya peke yake. Walakini watu wake ni wale wale, na migomba ni ile ile, na shida ya maji ni moja.

Maana watu wa huko wamejenga juu, penye migomba na mibuni, nayo maji yako chini. Maji hayapandi mlima yenyewe. Hupandishwa kwa vichwa vya akina mama na watoto. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, vijito vingi hupungua, na mtoto aliyetumwa maji alfajiri huweza kukuta kengele ya shule imekwisha kulia. Na ajabu ni hii, ya kwamba mtoto huyo huyo, katika mwezi wa Aprili, alisimama mlangoni akitazama maji yakimwagika kutoka kwenye bati la nyumba yao, yakachimba kijifereji uani, yakateremka bondeni. Yalikwenda kumngoja huko chini.

Ndiyo sababu watu wengi wa nchi hii huweka mifereji kwenye kingo za mapaa yao, wakajenga mabirika ya kuhifadhi maji ya mvua. Na katika habari za mabirika huadithiwa kisa cha fundi mmoja mwashi, na mkosi uliotaka kumpata kwa ajili ya hesabu moja ndogo.

Fundi huyo alikuwa mtu wa Karagwe, mwenye mkono mwema. Ukuta wake haukupinda, na lipu yake haikupasuka. Kusoma alisoma kidogo, bali kamba yake na timazi yake zilimsomea mengi. Alikuwa amejenga birika katika shule moja iliyo juu ya mgongo wa mlima, nalo lilisifiwa sana. Shule hiyo ilikuwa na watoto 100. Paa la jengo lake lilikuwa na urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, yaani mita za mraba 54. Masika yakinyesha vizuri, mvua yake ikikusanywa bila kupotea hufika kina cha nusu mita; basi paa lile hutoa nusu ya 54, ndiyo mita za ujazo 27. Fundi alichimba birika lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kina cha mita 3. Nalo lilijaa hata ukingoni.

Mwanafunzi ajiulize hapa, Kwa nini lilijaa hata ukingoni, wala halikubaki wala halikufurika? Afanye hivi. Afikiri sanduku lenye upande wa mita moja kila mahali. Sanduku hilo huitwa mita moja ya ujazo, nalo huingia lita 1,000 za maji, na maji hayo yana uzito wa kilo 1,000. Sasa aweke masanduku kama hayo chini ya birika: matatu kwa urefu, matatu kwa upana, ndiyo 9. Hiyo ni tabaka ya kwanza. Aweke tabaka ya pili, na ya tatu. Tisa mara tatu ni 27. Basi birika lina mita za ujazo 27, ndizo lita 27,000. Na umbo kama hili, lenye urefu, upana na kina vilivyo sawa, huitwa mchemraba.

Watoto 100, kila mmoja akipewa lita 3 kwa siku za kunywa na kunawa, hutumia lita 300. Ukigawanya 27,000 kwa 300 utapata siku 90. Hizo ni Juni, Julai na Agosti, zikisalia siku mbili tu. Ndiyo maana birika lile lilisifiwa.

Sifa zikavuka kilima zikafika Kyerwa. Huko palikuwa na shule nyingine yenye watoto 200, na paa lake jipya lilikuwa mita 12 kwa 9, yaani mita za mraba 108. Tazama: watoto mara mbili, paa mara mbili, kwa hiyo maji ya mvua mara mbili. Wazazi wa shule ile walikuwa wameuza kahawa yao wakachanga fedha kidogo kidogo kwa misimu miwili, wakamwita yule fundi, wakamwambia, “Fundi, twataka birika kama lile la wenzetu, ila liingie maji mara mbili.”

Fundi akajibu bila kufikiri, “Hilo si gumu. Lile lilikuwa mita tatu. Hili litakuwa mita sita.”

Watu wote wakatikisa vichwa wakakubali, kwa sababu sita ni mara mbili ya tatu, na neno hili hata mtoto wa darasa la kwanza alijua. Katibu wa kamati peke yake alikuwa na shaka kidogo, akachukua kalamu. Alikumbuka kwamba mchemraba una mambo matatu, urefu na upana na kina. Akayatwaa maji, mita za ujazo 54, akayagawanya kwa 3, akapata 18. Akaona birika la mita 18 litameza shule nzima pamoja na kiwanja cha mpira, akaifuta hesabu yake, akanyamaza kwa haya. Si vema kumcheka. Aliona pana kasoro, wala wengine hawakuona. Illa njia ya kuitafuta hakuwa nayo.

Wakaanza kuchimba. Kamba ikavutwa mita sita huku na mita sita huku, vigingi vikapigwa, wazazi wakaja na majembe na masururu kwa zamu. Siku nne wakachimba, na shimo halikupita kina cha nyonga. Vijana wakaanza kunung'unika kwamba udongo wa mahali pale haumaliziki. Mafundi wasaidizi wakahesabu mifuko ya saruji iliyokuwa ghalani, wakahesabu na kuta zitakazopakwa lipu, wakaona saruji haitafika hata nusu. Mwenye kiti wa kamati akasema kwamba labda wazazi wachange tena. Nao kahawa ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Fundi alikuwa na binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye wakati wa likizo alifuatana naye ili kumpikia. Jioni moja alikaa karibu na lundo la udongo uliochimbwa, akaufinyanga vipande vidogo kama vijitofali, kila kimoja na pande sawa, upana wa vidole viwili. Alikuwa akicheza tu. Akakitazama kimoja, akasema moyoni, Hili ndilo birika la kwanza. Kisha akataka kujenga birika la pili kwa vipande hivyo, lenye upande mara mbili. Akaweka viwili kwa urefu. Havikutosha, maana upana nao ulitaka viwili. Vikawa vinne. Akatazama, kumbe ni tabaka moja tu, na kimo bado ni cha kipande kimoja. Akaongeza vinne juu yake. Vikawa vinane.

Akavihesabu tena. Vinane. Akasimama, akatazama lile shimo kubwa, na moyo wake ukaingia hofu. Maana aliona kwamba baba yake anachimba mabirika manane mahali palipotakiwa mawili.

Kwa mtoto kumkosoa mzazi si jambo jepesi, na hasa mbele ya watu wanaomlipa. Usiku, walipokwisha kula, akamletea vile vipande katika ungo. Akasema, “Tata,” maana ndivyo Wanyambo wamwitavyo baba, “nisaidie kuhesabu. Hiki kimoja ni birika la kule kwetu. Ukitaka lenye upande mara mbili, uviweke vingapi?”

Fundi akaviweka. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko maneno yake. Akaweka viwili, akaweka vinne, akafika vinane, akakoma. Akavibomoa akaviweka tena upya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nenda kalale, mwanangu.”

Lakini yeye hakulala. Kulipopambazuka walimkuta ametengeneza visanduku viwili vya mbao, kimoja cha upande wa shubiri moja, na kingine cha upande wa shubiri mbili, akijaza mchanga kwa kile kidogo na kuumimina katika kile kikubwa. Alimimina mara nane, hata kikajaa. Mtu aliyezoea kazi ya mikono hasadiki ungo wa mtoto mpaka mchanga umwambie, wala hilo si kosa.

Alipokuja mwalimu mkuu, fundi hakuficha. Akamwamkia, akamwambia, “Mwalimu, siku nne za watu hawa nimezipoteza mimi. Shimo la mita sita ni mita za ujazo 216. Mvua ya paa lenu ni 54. Maji yangekaa chini, kina cha mita moja na nusu, na kuta za mita nne na nusu zingebaki kavu juu yake.”

Mwalimu akamshukuru kwa kusema kabla ya kuchelewa. Na ni kweli, hasara ingekuwa kubwa. Birika la upande wa mita 3 lina sakafu moja na kuta nne, kila moja mita za mraba 9, jumla 45 za kupakwa lipu. La mita 6 lina mita za mraba 180, yaani saruji mara nne. Tena shimo la kina cha mita sita ni la hatari kwa wachimbaji, kwa sababu udongo wa kando huweza kuporomoka ukamfunika mtu.

Fundi akauliza, “Basi upande uwe ngapi? Sita ni nyingi. Tatu ni chache. Nipeni namba nivute kamba.”

Hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza. Mtu akijua upande, kutafuta ujazo ni rahisi. Huuzidisha upande kwa wenyewe, kisha tena kwa wenyewe. Tatu mara tatu mara tatu ni 27. Lakini fundi alikuwa na ujazo, naye alitaka kurudi nyuma mpaka kwenye upande. Alikuwa kama mtu aliyeiona nyumba, naye auliza njia ya kuifikia. Njia hiyo ya kurudi huitwa kipeuo cha tatu. Kipeuo cha tatu cha 27 ni 3, kwa kuwa 3 ikizidishwa mara tatu namna ile huleta 27. Kipeuo cha tatu cha 64 ni 4. Si kugawanya kwa 3, kama alivyofanya katibu. Wala si kugawanya kwa 2, wala kuongeza mara 2. Ni kuuliza, Namba gani, ikizidishwa kwa yenyewe na tena kwa yenyewe, itazaa namba hii?

Mwalimu akamwita yule binti mbele ya ubao, naye akaanza kwa kubahatisha, bali kwa kubahatisha kwenye utaratibu. Mita 3 huleta 27, chache mno. Mita 4 huleta 64, nyingi mno. Basi upande u katikati ya 3 na 4. Akajaribu 3.5, akapata 42.875, chache. Akajaribu 3.7, akapata 50.653, bado chache. Akajaribu 3.8, akapata 54.872, imepita kidogo. Sasa alijua kwamba upande u kati ya 3.7 na 3.8, karibu sana na 3.8. Akajaribu 3.78. Mara 3.78 ni 14.2884, na mara 3.78 tena ni 54.01 na kitu. Akaweka chaki chini.

Watu wakashangaa. Maji yameongezeka mara mbili, na upande umeongezeka sentimita 78 tu! Mzee mmoja akasema, “Haiwezekani. Hatua moja ndogo ndiyo lita 27,000?” Fundi akamjibu kwamba hatua ile ndogo imekwenda pande tatu kwa wakati mmoja.

Basi wakachimba mita 3.80, kwa maana fundi alisema hawezi kumwambia mchimbaji habari za sentimita mbili, na lita mia nane na zaidi za ziada hazina madhara. Ule udongo wa kando wakaurudisha wakaushindilia. Saruji ikatosha. Mvua za kwanza wakaziacha zioshe bati, maana maji ya kwanza hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Ndipo wakaelekeza mfereji birikani. Katika kiangazi kilichofuata watoto 200 wakanywa kila mmoja lita 3, ndizo lita 600 kwa siku, na gawanyo lake, mwanafunzi aweza kulifanya mwenyewe.

Inafaa kusema hapa kwamba mafundi wengi siku hizi hujenga matangi ya duara, na ukuta wa duara hustahimili msukumo wa maji kuliko ukuta ulionyoka wenye pembe. Fundi yule alipenda mchemraba kwa sababu kamba moja yenye fundo moja ilimpimia pande zote.

Kosa lake halikuwa la kwanza duniani. Wayunani wa kale walisimulia habari za kisiwa cha Delos. Ugonjwa mkuu uliwapata watu wa huko, wakaenda kuuliza mungu wao Apollo wafanye nini, wakaambiwa waifanye madhabahu yake, iliyokuwa mchemraba, iwe kubwa mara mbili. Mafundi wakafanya kila upande mara mbili. Madhabahu ikawa mara nane, na ugonjwa, yasemekana, haukuondoka. Huenda hadithi hii ilitungwa baadaye ili kupamba hesabu. Lakini hesabu yenyewe iliwashughulisha kwelikweli wenye akili wa wakati ule, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mmoja wao, Archytas, alipata upande huo kwa kufikiri maumbo matatu ya mviringo yanayokatana mahali pamoja. Wengi walitaka kuupata kwa rula isiyo na alama na bikari peke yake, wakashindwa, na watu wakaendelea kushindwa karne kwa karne. Hata mwaka 1837 Mfaransa mmoja, Pierre Wantzel, akathibitisha kwamba kwa vyombo hivyo viwili tu haiwezekani kabisa.

Lakini wenye kuhesabu kwa tarakimu hawakungoja bikari. Huko Bara Hindi, katika mwaka 499, Aryabhata aliandika kanuni ya kutafuta kipeuo cha tatu tarakimu moja baada ya nyingine. Na namba waliyoitafuta watu wa Delos ni kipeuo cha tatu cha 2, nayo yakaribia 1.26. Maana yake ni hii: mchemraba wowote, uwe birika au sanduku la chai, ukitaka uingie mara mbili, uzidishe upande wake kwa 1.26. Tatu mara 1.26 ni ngapi? Ni 3.78. Yule binti alifika mahali pale pale kwa mguu wake mwenyewe.

Namba za ukamilifu, yaani zile ambazo kipeuo chake hakina sehemu, zina njia ya mkato inayopendeza sana, na mwanafunzi aliyeishika aweza kuwashangaza wenzake. Kwanza azijue kwa moyo namba hizi kumi: 1, 8, 27, 64, 125, 216, 343, 512, 729, 1,000. Hizi ndizo vipeo vya tatu vya moja hata kumi. Kisha atazame tarakimu zake za mwisho. Ataona ya kwamba hakuna mbili zinazofanana. Moja huishia kwa 1, nne kwa 4, tano kwa 5, sita kwa 6, tisa kwa 9, na kumi kwa 0, kila moja yabaki na yake. Zile nyingine hubadilishana: mbili huishia kwa 8 na nane kwa 2, tatu huishia kwa 7 na saba kwa 3.

Sasa mtu akimwambia, “Nina sanduku la mchemraba, ujazo wake sentimita 46,656, upande wake ni ngapi?” aikate namba penye alama ya elfu. Kushoto pana 46. Hii i kati ya 27 na 64, yaani kati ya kipeo cha 3 na kipeo cha 4. Achukue ile ndogo, 3. Kulia namba inaishia kwa 6. Na inayoishia kwa 6 ni 6. Basi upande ni sentimita 36. Azidishe ili ahakikishe. Lakini asijaribu njia hii kwa 54, maana 54 si namba ya ukamilifu, nayo itamdanganya bila huruma. Kwa namba za namna hiyo hapana mkato kama huu. Na afanye kama binti, kujaribu juu na chini hata pengo lizibe.

Tena katika Kyerwa ziko hesabu nyingine za mchemraba, zisizo za maji. Tangu zama za utawala wa Waingereza watu wamechimba huko madini ya bati. Jina hili hupoteza wengi. Bati la kuezekea nyumba si bati la kweli, ni chuma kilichopakwa zinki, bali bati la kweli ni madini laini meupe yatumikayo kuunganisha nyaya na kupakwa ndani ya makopo ya chakula. Mawe yake hutoka ardhini meusi meusi, nayo ni mazito ajabu. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ya jiwe safi la bati ina gramu 7 hivi. Mtu akiwa na kilo 56 za jiwe hilo, yaani gramu 56,000, agawanye kwa 7. Atapata sentimita za ujazo 8,000. Kipeuo cha tatu cha 8,000 ni 20. Mzigo ule wote, ambao mtu mzima huuinua kwa taabu, ungeenea katika mchemraba wa sentimita 20, mdogo kuliko kiti cha jikoni! Maji ya uzito huo huo yangetaka mchemraba wa sentimita 38 na kidogo. Katika gunia mawe huacha nafasi baina yake, kwa hiyo gunia huonekana kubwa zaidi ya hapo. Walakini mchimbaji ajuaye hesabu hii akiona mchemraba wa sentimita 20 unaoitwa bati safi, nao wainuliwa kwa mkono mmoja kama mche wa sabuni, atajua kwamba ndani yake kuna kitu kingine.

Kurudi kwa yule fundi. Baada ya kazi ya Kyerwa alipata kazi nyingi, na katika kikapu chake cha vyombo, pamoja na mwiko na timazi, aliweka vipande vinane vya udongo ambavyo binti yake alivichoma motoni vikawa vigumu. Siku moja akaja mtu mwenye shamba la kahawa, mwenye nyumba ndogo, akamwambia, “Fundi, nimeliona lile birika la kwanza la mita tatu. Mimi ni mtu mmoja na jamaa yangu. Nijengee nusu yake.”

Fundi akaketi juu ya jiwe, akavitoa vile vipande vyake, akavipanga polepole mbele ya mgeni. Akamwuliza, “Nusu ya maji, ndugu yangu, au nusu ya upande?”

Yule mtu akamtazama, asijue la kujibu. Fundi akamwita binti yake alete kalamu.